Jiwe la Penye Kona

Mama alipokubali kwamba hatazikwa penye kona bali Bariadi, uani kwangu, aliweka sharti moja: baba aletwe kwanza.

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu kaya ikihama huku mwenye kaya amekwisha kulala ardhini, hafukuliwi. Huchukuliwa udongo wa juu ya kaburi lake, ukapelekwa makao mapya na kufukiwa pale ambapo watu wake watalazwa kando yake. Hiyo inatosha. Mama alikuwa ameacha kutoka nje bila kushikwa mkono, na chakula alikionja tu. Alijua anachoomba na kwa nini anakiomba sasa. "Nileteeni huyo mtu," alisema kwa Kisukuma, akimaanisha mume wake. "Sitaki kulala peke yangu kwenye ua wa matofali."

Mimi ni mwashi. Nilitafuta ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, nikaiosha vizuri kwa sabuni, nikamwonyesha. Aliitazama, akaigusa ukingo kwa kidole.

"Ndoo ya rangi?" alisema. "Baba yako si saruji."

Akamwagiza dada yangu afungue sanduku, atoe kitenge chake cha zamani, kile cha rangi ya udongo mwekundu alichokuwa akivaa kanisani. Udongo ufungwe humo. Dada, ambaye ni mkubwa kwangu na analima pamba na mahindi kule Migato, alikuja kwa ajili ya safari hiyo tu na jembe lake mwenyewe lisilo na mpini. Alisema mpini tutaupata hukohuko.

Penye kona ndivyo tulivyopaita tangu utotoni. Katika vitabu vya jiografia nilivyojisomea ukubwani, kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba, mahali kama pale huitwa hori: ziwa linaingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, kisha linajipanua ndani na kutulia. Pako Busega, upande wa ziwani wa barabara ya Mwanza na Musoma, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Nyashimo. Kushoto unapoelekea majini kuna vilima vya mawe, makubwa kwa madogo, yamepandana kana kwamba mtu aliyapanga kisha akachoka. Kulia kuna matete. Katikati, enzi zetu, kulikuwa na mchanga ambako ng'ombe walishuka kunywa, na juu ya mchanga huo lilikuwapo jiwe moja refu lenye umbo la mtu aliyeketi. Tuliligawa kama mwili: kichwa, mabega, kiuno, miguu. Tulipanda hadi mabegani. Kichwani hakupanda mtu, palikuwa na utelezi wa vinyesi vya ndege. Maji hayakuwahi kufika miguuni pake.

Baba alijenga karibu na maji kuliko jirani yeyote. Alipokuwa kijana ziwa lilikuwa limerudi nyuma, likaacha mbuga nyeusi yenye majani mazuri, naye akasema hawezi kuiacha ardhi aliyopewa bila kuiomba. Alizungushia kaya ua wa minyaa, ile miti isiyo na majani yenye utomvu mweupe unaounguza macho. Ndani ya ua akaweka zizi, na lango la zizi akalielekeza kwenye lile jiwe, ili akiketi mlangoni mwa nyumba aone ng'ombe wakishuka na kurudi. Alipofariki, katekista alikuja akasali, lakini kaburi lilichimbwa kama alivyoagiza: kwa desturi ya zamani, zizini, mkono wa kulia wa lango. Hakutaka saruji wala msalaba wa chuma. Jioni ile ng'ombe waliingia kama kawaida, wakapita juu yake, na baada ya msimu mmoja hapakuwa na tuta. Ndivyo alivyotaka. Mwenye ng'ombe hulala chini ya ng'ombe wake.

Baadaye ng'ombe waliuzwa, mama akaja kwangu, na pale penye kona akabaki shemeji yetu, mke wa mtoto wa baba yetu mdogo. Mume wake yuko machimboni Geita na hurudi anapokumbuka. Miaka ya mvua kubwa ilipokuja, shemeji alipiga simu akasema maji yamepanda. Tulielewa yamechukua majaruba ya mpunga ya chini. Hatukumuuliza yamefika wapi, naye hakupenda kusema mabaya kwenye simu.

Tulifika mchana, jua likiwa kali na anga halina wingu. Nilipaona kabla ya dada, nikasimama. Sijui niseme vipi. Palikuwa pazuri kuliko nilivyopakumbuka. Maji yalijaa hadi ukingo wa majani, yametulia kama yamemiminwa muda uleule, na juu yake kulikuwa na maua meupe ya yungiyungi ambayo hayakuwapo zamani. Yangeyange walisimama kwenye kina kifupi. Mawe ya kushoto yalitoa vivuli vyake majini bila kuvunjika. Kule juu ya mawe kulikuwa na bibi harusi na wasimamizi wake, wamekuja na gari kutoka mjini kupiga picha. Mpiga picha alikuwa akipaza sauti: "Bibi harusi, angalia ziwa! Usiangalie simu, angalia ziwa!"

"Wamepapenda," dada alisema.

"Ni pazuri."

"Pazuri kwa mtu ambaye hana mtu hapa."

Nyumba ya baba haikuwapo, na hilo tulilitarajia. Nyumba ya udongo isiyokaliwa haidumu. Nilitafuta ua, nao nikauona: mstari wa minyaa mnene, umerefuka kunipita, umepinda mahali pale pale ambapo ua wetu ulipinda, na una pengo la lango. Kazi yangu imenizoesha kuanza na kitu ambacho hakisogei, kisha kupima kutoka hapo. Ua ulikuwapo, lango lilikuwapo. Nikasimama langoni na kutazama majini, nikaona jiwe limeketi ufukweni, mbele yangu kabisa.

Dada alilitazama kwa muda. "Mbona limepungua? Hata jiwe limezeeka?"

Nilimweleza kwamba vitu vya utotoni huonekana vidogo mtu akishakua, kwamba jicho la mtoto hupima kwa urefu wa mtoto. Nilikuwa nimesoma hivyo mahali. Alinisikiliza kwa ile subira anayoitumia kwa watu wanaosoma, kisha akaenda kukata mti wa mpini.

Shemeji tulimkosa nyumbani kwake, tukachimba mkono wa kulia wa lango. Kwanza tulivua viatu, dada akapiga ishara ya msalaba na kumwambia baba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi, kwamba ni sisi, kwamba mama anamwita Bariadi, asione ajabu. Udongo ulitoka mweusi, mwepesi, wenye harufu ya zizi la zamani. Hiyo ilinitoa wasiwasi wote. Mchanga wa ufukweni haunuki hivyo. Nilitandaza kitenge, nikakijaza kwa viganja, dada akakifunga kwa fundo la mzigo wa kichwani. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Ndipo tukasikia kicheko nyuma ya minyaa.

"Mwadila, shemeji! Umekosa kazi huko Bariadi mpaka uje kuniibia mavi ya mbuzi?"

Shemeji alitokea na beseni la dagaa kichwani, akitusalimu kwa Kisukuma. Tulisalimiana kwa kirefu, akamkumbatia dada, wakaitana wifi, wakapimana unene na kutaniana juu yake. Kisha akaliangalia shimo, akauangalia mzigo wa kitenge, na akaonekana kuhesabu jambo. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Mnafanya nini hapo, wifi?"

Dada alimweleza. Shemeji alishusha beseni chini.

"Hapo palikuwa zizi la mbuzi wangu," alisema. "Nimewahamisha mwaka huu tu. Baba mkwe hayuko hapo."

"Ua huu ni wa kwetu," nikasema. "Umepinda palepale."

"Umepinda kwa sababu niliufuata ule wa zamani. Maji yalipoanza kuingia nilikata matawi ya ua wenu, nikayachomeka huku juu, mstari kwa mstari, ili nisisahau kaya ilivyokaa. Si unajua minyaa, shemeji, ukichomeka leo kesho ni mti. Yakapanda tena, nikakata, nikasogeza tena. Huu ni wa pili."

Najua minyaa. Kila mtu wa kwetu anajua minyaa. Tunaikata na kuichomeka bila kufikiri, kwa ua, kwa mpaka, kwa kivuli cha kuku, na baada ya misimu michache hakuna awezaye kusema ni ya babu au ya juzi. Nilikuwa nimepima kutoka kwenye kitu kilichotembea mara mbili.

"Na jiwe?" dada aliuliza.

"Lile? Lile ni jiwe tu. Jiwe lenu lile pale."

Alinyoosha mkono kuelekea majini, mbali zaidi ya pale nilipokuwa nikitazama. Kati ya maua meupe kulikuwa na mgongo mdogo wa jiwe, mweupe kwa vinyesi, na ndege mweusi amesimama juu yake akikausha mabawa. Nilikuwa nimeuona tangu tulipofika. Nilidhani ni jiwe la ziwani.

"Kichwa," dada alisema.

Kule juu ya mawe watu wa harusi walikuwa wakicheka, mtu alikuwa karibu kuteleza na viatu vya harusi. Nililitazama lile jiwe, nikajaribu kuirudisha mbuga: mchanga, njia ya ng'ombe, lango, mkono wa kulia wa lango. Haikuwa vigumu. Zizi lilikuwa chini ya maji yaliyotulia, mahali ambapo yungiyungi lilichanua kwa wingi kuliko kwingine kote. Nadhani ilikuwa kwa sababu ya mbolea. Hili nalisema kwa kukisia.

Nilikunja suruali. Shemeji akanishika mkono, si kwa utani tena.

"Shemeji, usiingie humo. Mwezi uliopita mamba amechukua mbwa hapo hapo. Na hata ukifika, utachota nini? Tope la mizizi. Utajuaje lipi ni la zizi?"

Nilimjibu kwamba tope la zizi ni jeusi. Akasema tope lote la matete ni jeusi. Hilo ni kweli.

Dada alikuwa ameketi kando ya mzigo wake, mkono juu ya fundo. "Tupeleke huu," alisema.

"Huu ni wa mbuzi, dada."

"Ni wa kaya. Minyaa imetoka ua wa baba, mbuzi wamekula majani ya mbuga ya baba. Mama haoni vizuri. Ataushika, atanusa, utanuka zizi. Atafurahi, atalala. Wewe unataka nini zaidi?"

"Atauliza."

"Akiuliza tutajibu. Mdomo ninao."

Shemeji alisema kwa sauti ya chini kwamba mama mkwe amekaa na ng'ombe maisha yake yote, na kwamba harufu ya mbuzi na ya ng'ombe hata mtoto anazitofautisha. Dada alimwambia anyamaze. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa amechoka, na nilijua hasemi hivyo kwa wepesi. Yeye ndiye aliyemwogesha mama asubuhi ile kabla hatujaondoka. Alijua uzito wake ulivyopungua.

Nilifungua fundo. Dada hakunizuia, ila aligeuza uso. Nilirudisha udongo shimoni, nikaukanyaga, nikakung'uta kitenge hadi kikabaki na vumbi tu. Shemeji alitupikia ugali na dagaa, tukala ndani ya ua ule wa pili. Bibi harusi na watu wake waliondoka, gari likatimua vumbi. Upepo mdogo ulitoka ziwani na maua yakasogea pamoja, yakarudi.

Dada hakusema nami njiani. Tulipofika Lamadi kubadilisha gari alisema jambo moja tu: "Utamwambia wewe. Mimi simo."

Nilimwambia mama kesho yake asubuhi, alipokuwa amekunywa uji. Nilimpa kitenge kimekunjwa. Alikipima mkononi, akajua.

"Hamkufika?"

"Tulifika, mama. Maji yamefika kabla yetu."

Kisha akaanza kuniuliza, polepole, swali moja baada ya jingine. Ua uko wapi? Shemeji amechomeka minyaa mara ngapi? Majaruba yameonekana? Jiwe?

"Kichwa tu."

"Mabega?"

"Hapana, mama. Kichwa, na ndege juu yake."

Alifumba macho. Nilimwona akipanda na maji hayo, kutoka mchangani hadi miguuni mwa jiwe, hadi kiunoni, na kutoka hapo hadi langoni. Hakuhitaji msaada wangu. Alipolifikia zizi midomo yake ilisogea kidogo.

"Kwa hiyo yuko chini," alisema.

"Yuko chini."

Nilimweleza kwamba ningeweza kujenga kaburi zuri, kwamba padri angeliombea, kwamba jina la baba lingeandikwa pamoja na lake hata bila udongo. Nilikuwa nimeyafikiria maneno hayo usiku kucha, nikayapanga vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilipokuwa msichana," akasema, "maji yalipanda hivyohivyo. Watu walilia, wakahama. Halafu yakarudi. Ndiyo maana baba yako alipata mbuga." Akaweka kitenge chini ya mto na kulaza kichwa juu yake. "Yatarudi tena. Nitangoja."

Dada, aliyekuwa mlangoni, alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba akipepeta mchele ambao ulikuwa safi tayari.

"Umeridhika?" aliniuliza. "Mama alikuwa tayari kwenda. Amejiandaa, amesamehe watu, ametaka mtu mmoja tu. Sasa anangoja ziwa."

Nimesoma kidogo juu ya ziwa. Maji yale hupanda kwa haraka na hushuka kwa miaka mingi, na mama hana miaka mingi. Hakuniuliza kuhusu hilo. Kama angeuliza ningemwambia, nadhani, kama nilivyomwambia mengine.

Tangu siku ile anakula, na dada hajarudi Migato. Si sana, lakini anakula. Mifupa ya mabega imemtoka na usiku anaumwa sana, na akiumwa humng'ang'ania mtu mkono bila kulia. Daktari alimtazama akasema tumpe anachopenda. Mahali nilipopatayarisha uani, pembeni mwa ukuta, pamebaki palivyokuwa. Alinikataza kupasakafia. Nilichomeka matawi mawili ya minyaa ili pasipitiwe na magari ya mchanga, na yote mawili yamekwisha kuota.

Kila Jumapili shemeji hupiga simu. Namwekea mama simu sikioni na kuwasha sauti kubwa, kwa kuwa hasikii vizuri. Salamu anazikatisha.

"Jiwe limetoka kiasi gani?"

Mwanzoni shemeji alijibu kwamba bado, mama, kichwa tu. Alijibu hivyo Jumapili nyingi. Wiki tatu zilizopita alikawia kidogo, nikasikia kuku wake kwa mbali, kisha akasema, "Shingo, mama mkwe. Shingo imeanza kutoka." Jumapili iliyopita alisema, "Naona kama mabega."

"Bega lipi?" mama aliuliza.

"La kushoto. La upande wa kwenu."

Mama alinitazama kwa macho yake yasiyoona vizuri, akaomba uji. Dada aliinuka haraka kwenda kuuleta, na alipopita alinitazama, nami nikamtazama.

Mvua za mwaka huu hazijapungua. Barabara kutoka hapa hadi Lamadi ni ya lami, na kutoka Lamadi hadi Nyashimo ni karibu. Ningeweza kuondoka asubuhi, nikasimama pale kwenye ua wa pili na kuona kwa macho yangu maji yamefika wapi, kisha jioni nikawa nyumbani. Jana nilimwambia dada kwamba nina kazi ya kupiga plasta upande wa Mwamapalala, na kwamba itanichukua muda.